Herufi ya Kwanza ya Kituo

"…unene wa mkono wangu, afande, mkono huu huu, hebu shika uone!"

Domisiana akaushika. Mpelelezi akiambiwa shika, anashika. Mkono wa Kwandu ulikuwa wa mwanamke aliyekulia nyuma ya jembe la ng'ombe, na kama waya ulioibwa ulikuwa mnene hivyo kweli, basi aliyeukata hakuja na kisu cha kumenyea viazi. Akaandika kwenye kijitabu chake: msumeno wa chuma. Chini yake akaandika: alijua anachokifuata, ni shaba.

Walikuwa wamesimama Rusumo, mbele ya mashine ya kuchajia magari ya umeme, pua na mdomo na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Rwanda. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, inawaka taa yake ya kijani kama hakuna kilichotokea, ila mahali palipokuwa na waya palining'inia kipande cha shubiri moja. Wapita njia walikuwa wanasimama kukitazama kama watu wanaotazama ajali. Na haki yao, kwa sababu Rusumo ilikuwa inajisifu kwa mashine ile. Madereva wa kutoka upande wa pili walikuwa wanakuja kujaza huku, halafu wanarudi kwao wakisema Watanzania wametuacha.

Kwandu ndiye mtunzaji wa kituo. Alikuwa ameanza hapo Jumatatu tu, baada ya miaka miwili kwenye kituo kingine cha kampuni hiyohiyo, na siku yake ya pili ndiyo hiyo mambo yakaharibika. Alikuwa amevaa shati la kampuni lililopigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya mikono. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, kama mtu aliyelala akikirudia.

Jumanne saa saba mchana mtoto wake alichemka homa, akafunga kibanda, akampeleka zahanati. Mashine haina haja ya mtu. Dereva anagusisha kadi yake, anachomeka, anajaza, anachomoa, anaondoka. Aliporudi, saa tisa na nusu, waya haukuwepo. Jioni akafanya kama sheria ya kampuni inavyosema: akasoma kwenye kioo cha mashine kadi zilizochaji siku hiyo, akazituma kwa ujumbe wa simu ofisini Ngara, kisha akafuta kioo ili kesho kianze upya.

"Namba za kadi unazikumbuka?" Domisiana akauliza.

"Afande, mimi hata namba ya mume wangu nasoma kwenye simu. Natuma, nasahau. Lakini hii mashine usiichezee. Hii ni chaji ya halaka. Yuniti ishirini kwa dakika ishirini na tano, dereva hajamaliza soda yake gari limeshiba. Hapa Lusumo ndiyo yenyewe, mkoa mzima huikuti nyingine."

Domisiana akatabasamu, akaandika: yuniti 20, dakika 25. Hakujua kuwa jibu la kesi nzima alikuwa ameshalisikia, na limempita sikioni kama upepo.

Kesi yenyewe, kwa wakubwa wake, ilikuwa imekwisha. Ofisi ya kampuni Ngara ilikuwa na daftari, na daftari lilisema hivi: Jumanne, kituo R, yaani Rusumo, kadi namba tisa, kuanzia saa sita na dakika tano hadi saa tisa na dakika tano. Baada yake hakuna mwingine. Kwandu karudi saa tisa na nusu. Kwa hiyo mtu wa mwisho kuushika waya ule akiwa peke yake ni mwenye kadi namba tisa, naye ni Kazimili, kijana wa Nyakahura anayebeba mizigo midogo kati ya Lusahunga na mpakani. Jumatano asubuhi alipofika Rusumo na maboksi ya vifaranga, askari wakamngoja ashushe boksi la mwisho, wakamkamata. Leo Alhamisi alikuwa mahabusu Ngara. Kesho Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa anapelekwa mahakamani, na mwizi wa miundombinu hatoki mapema.

Inspekta Fabiani alimpa Domisiana kazi moja tu: nenda kapige picha za mashine, faili lipendeze. Konstebo wa miezi minane tu kwenye upelelezi angepiga picha akarudi. Lakini Domisiana alikuwa na tabia yake. Akipewa kitu kilichokwisha, anakifungua aone kilivyofungwa.

Simu ikaita akiwa anapanda gari la polisi kurudi Ngara. Ni mama yake, Magdalena, wa Bukiriro, ambaye tangu binti yake aingie upelelezi alikuwa ameacha kusikiliza redio. Alitaka kujua kama ni kweli wamemkamata yule wa gari lisilo na sauti. Domisiana akamwambia habari za kazi hazisemwi kwenye simu. Mama akasema sawa, basi aseme nusu.

*

Kwenye benchi nje ya kituo cha polisi Ngara alikuwa amekaa mzee mrefu, kofia mapajani, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amekaa pale tangu jana. Domisiana akamsalimia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mimi William, baba yake Kazimili." Akaonyesha kwa kidevu kigari cheupe kilichoegeshwa uani, cha mtumba kutoka Japani, matope ya Nyakahura bado kwenye matairi. "Kile ni ng'ombe kumi na mmoja. Nimewatoa zizini mwenyewe, nawajua kwa majina. Watu wa kwetu wakanicheka, wakasema mzee kabadilisha ng'ombe na redio. Siku ya Pasaka Kazimili akawapeleka kanisani haohao waliocheka. Wakawa wanauliza, mbona haliwaki, kumbe tumeshafika."

Alicheka kidogo, peke yake.

"Kesho nitasimama pale mahakamani," akasema. "Nataka tu nijue nitasimama kama baba wa nani."

Domisiana akaingia ndani.

Kazimili alikuwa na miaka ishirini na sita kama yeye mwenyewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini hakuwa na unyonge. Alijibu maswali kama mtu anayebishana sokoni.

"Jumanne saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Lusahunga, nachaji."

"Daftari linasema ulikuwa kituo R. Rusumo."

"Daftari halikuwepo kwenye gari, afande. Mimi nilikuwepo."

"Nani alikuona?"

Hapo hakuwa na wa kumtaja. Alikuwa amefika, akagusisha kadi, akachomeka, akalaza kiti, akalala. Mtunzaji alikuwa mgeni, siyo yule waliyemzoea. Alikuwa nyuma ya nyumba anakula, wakasalimiana kwa mbali tu. Saa tisa Kazimili akaamka, akachomoa, akaondoka.

"Kwa nini usichaji Rusumo? Ndiko ulikokuwa unapeleka mizigo."

Kazimili akamwangalia kama amemuuliza kwa nini hanunui maji ya chupa kuoshea gari.

"Afande, mpakani yuniti moja ni elfu moja na mia mbili. Lusahunga mia saba. Biharamulo mjini, pale gesti, unalipa elfu kumi na mbili unalala, umeme unywe uwezavyo mpaka asubuhi, lakini lazima ulale, hata kama huna usingizi. Nyumbani ni rahisi kuliko kote, mia tatu na hamsini na kitu, ila nikichomeka nyumbani taa za jirani zinaanza kukonyeza, mama mwenye nyumba anakuja na ufagio. Sasa mimi, kigari changu yuniti ishirini kinajaa. Mpakani hiyo ni elfu ishirini na nne. Lusahunga elfu kumi na nne. Ile elfu kumi ya katikati ndiyo faida yangu ya siku. Nina haraka gani? Vifaranga havina ndege ya kuwahi."

Domisiana aliyaandika yote, kituo kwa kituo, bei kwa bei. Alipomaliza, akagundua alikuwa anatabasamu. Miaka mitano iliyopita, alipokuwa chuoni Moshi, wenzake walimuuliza kama kwao Ngara kuna umeme. Leo ameketi mahabusu anaelezwa aina nne za kuchaji gari na mtoto wa mfugaji, kwa mdomo, bila karatasi.

Inspekta Fabiani alikuwa anamsubiri mlangoni, simu mkononi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kufunga mafaili. Akamwonyesha ujumbe ambao Kazimili mwenyewe aliuandika Jumanne usiku kwenye grupu la madereva wa magari ya umeme: Jamani nimekatwa elfu ishirini na nne leo, mbona nyingi.

"Elfu ishirini na nne ni bei ya wapi?" Fabiani akauliza.

"Rusumo, afande."

"Kajifunga mwenyewe. Umemaliza picha?"

Domisiana akasema bado kidogo. Aliondoka akiugeuza ule ujumbe kichwani kama mtu anayegeuza hindi kwenye moto. Mwizi anaiba waya wa mashine, halafu usiku huohuo anapanda jukwaani mbele ya madereva wote kulalamikia bei ya mashine hiyohiyo? Mtu analalamikia bei pale tu inapomshangaza. Na Kazimili bei zote anazijua kama sala.

Akauliza kwenye meza ya zamu: kiasi cha kukata kwenye kadi anakipanga nani? Wakamwambia ni Josefina, karani wa kampuni, ofisi yake iko juu ya duka la pembejeo.

*

Josefina alikuwa na daftari moja kubwa lenye jalada gumu, na alilifungua kama padri anavyofungua kitabu cha masomo. Miaka miwili, alisema, daftari hili halina mfuto hata mmoja. Kila jioni vituo viwili vinatuma ujumbe. Kila ujumbe unaanza na herufi ya kwanza ya kituo, L au R, halafu namba ya kadi, muda na yuniti. Yeye anahamishia daftarini, anapiga hesabu kwa bei ya herufi ile, L mia saba, R elfu moja na mia mbili, anakata kwenye kadi ya dereva, kisha anapiga picha ukurasa na kuurusha kwenye grupu, kila mtu aone haki imetendeka.

Domisiana akaomba Jumanne. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari. R, kadi tisa, saa sita na dakika tano hadi saa tisa na dakika tano, yuniti ishirini. Kikaendelea, kikasimama. L, kadi thelathini na moja, saa nane na dakika kumi hadi saa nane na dakika hamsini, yuniti thelathini.

Akachukua kalamu akaandika kiganjani, kwa sababu kijitabu kilikuwa mbali.

"Dada Josefina, mashine ya Rusumo inajaza yuniti ishirini kwa dakika ishirini na tano. Kadi tisa amekaa pale saa tatu nzima kwa yuniti zilezile ishirini?"

Josefina hakutikisika. Dereva anaweza kuchomeka akasinzia, mashine ikijaza inaacha, saa inaendelea kuhesabu mpaka achomoe. Hutokea kila wiki.

Lilikuwa jibu zuri. Domisiana akalikubali, akasogeza kidole kwenye mstari wa pili.

"Na hii? Mashine ya Lusahunga inatoa yuniti ngapi kwa saa?"

"Saba, labda saba kasoro."

"Kwa dakika arobaini?"

Josefina akavuta droo. Akachukua kikokotoo chake, akabonyeza, akakiangalia kama kimemtukana. Haikufika hata tano. Na daftari lake, lisilo na mfuto, lilisema thelathini.

Mtu anaweza kunywa polepole kwenye bomba kubwa. Hawezi kunywa pipa zima kwa mrija kabla chai haijapoa. Domisiana alipoliona hilo, la kwanza lililomjia lilikuwa baya: karani kabadilisha mistari. Nani mwingine anashika kalamu? Akamuuliza wazi, uso kwa uso, kama ana uhusiano na mwenye kadi thelathini na moja.

Josefina akasimama. Hakupiga kelele. Alitoa simu yake, akaiweka juu ya daftari, akasema, "Soma mwenyewe. Ukikuta hata nukta niliyoongeza, nifunge leo, usisubiri kesho."

Ujumbe ulikuwepo, umehifadhiwa chini ya majina Kituo L na Kituo R, wa Jumanne jioni, na ulilingana na daftari neno kwa neno. Domisiana akaomba radhi, akasimama kabisa akaomba. Alikuwa amemgusa mtu mahali anapojivunia, na hilo halifanywi kwa kukaa.

"Mwenye kadi thelathini na moja ni nani?" akauliza baadaye.

"Ferdinand. Yule wakala wa forodha mwenye pikapu mpya."

Domisiana alimjua. Ferdinand ndiye aliyekuja polisi Jumatano bila kuitwa, akasema Jumanne mchana yeye alikuwa Lusahunga, daftari ni shahidi. Watu walimsifu kwa uraia mwema. Hakuna aliyejiuliza kwa nini anajitetea ilhali hakuna aliyemuuliza kitu.

Akaomba kuona kadi yake imekatwa shilingi ngapi. Elfu ishirini na moja, yuniti thelathini kwa bei ya L. Kama kweli alijazia Rusumo, ilitakiwa elfu thelathini na sita. Kwa hiyo Jumanne usiku, baada ya ukurasa kurushwa kwenye grupu, madereva wawili waliona kiasi kisicho chao. Aliyekatwa zaidi alilalamika. Aliyekatwa pungufu alinyamaza, akalala, akaamka na wazo.

Lakini hiyo bado ilikuwa hesabu ya kiganjani. Fabiani angemwambia mashine huchanganyikiwa, twende mahakamani. Alihitaji kujua mistari ile miwili ilibadilishana vipi nafasi bila mtu kuigusa.

Saa nane na robo akapanda gari la polisi, akamwambia dereva twende Lusahunga. Dereva akauliza kama Inspekta anajua. Domisiana akasema atajua.

*

Kituo cha Lusahunga hakikuwa na mbwembwe za mpakani. Kisanduku cheupe ukutani kwa ukubwa wa mlango wa kabati, paa la bati, viti vinne vya plastiki, na mama mmoja anayechoma mahindi pembeni ambaye biashara yake ilikuwa imepaa tangu magari yaanze kukaa hapo saa tatu tatu. Pikapu ya umeme ya daktari wa mifugo ilikuwa inaingia wakati huohuo. Domisiana akamwomba amruhusu kuhesabu. Daktari akasema ahesabu mpaka kuche, yeye anataka hindi.

Domisiana akachomeka mwenyewe, akatazama saa yake, akakaa. Dakika kumi: yuniti moja na kitu. Ishirini: mbili na kitu. Mtunzaji akatoka ndani akijifuta mikono, kijana mnene mchangamfu, jina lake Audax, Mhangaza wa Ngara kama yeye. Alikuwa anajivunia kisanduku chake kuliko mtu anavyojivunia mashine ya haraka. Akaeleza kwamba umeme wa polepole haulitesi betri, kwamba mwenye akili hujaza mchana akiwa amepumzika, kwamba yeye mwenyewe alikuwa kule mpakani miaka miwili na hakuwahi kumwona dereva mwenye furaha, wote wanatazama saa. Dakika arobaini ilipofika, kioo kilisema nne nukta sita.

Nne nukta sita, na Ferdinand alikuwa na thelathini. Domisiana akaandika, akamwomba daktari asaini, daktari akasaini kwa kidole chenye mafuta ya hindi.

"Karibu tena, dada," Audax akasema. "Mwambie na Inspekta aje. Hapa Rusahunga chaji yetu ni ya kurara, lakini inashibisha."

Domisiana alikuwa ameshafika kwenye mlango wa gari. Mkono ukabaki kwenye kitasa.

Kurara.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, mstari wa mbele, chuo cha polisi Moshi. Mkufunzi aliuliza kwa nini amechelewa, akajibu kwa sauti ya kijeshi kwamba alikuwa amerara. Darasa zima likacheka wiki nzima. Ndipo alipojua kwamba masikio yaliyozaliwa Bukiriro hayatengi r na l, yanazipokea zote kama watoto mapacha, ukimwita huyu akaitika yule hujali. Alijifunza kuzitenga kwa mdomo. Kwa masikio hakuwahi. Na asubuhi, Kwandu, Msukuma wa damu, alimwambia nini pale mpakani? Hapa Lusumo ndiyo yenyewe.

Akarudi taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga maji.

"Kaka Audax, niandikie hapa jina la kituo hiki."

Audax akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule: Rusahunga.

"Na ukituma ujumbe jioni, unaanza na herufi gani?"

"Ya kituo. R." Akamwona anavyomtazama, akajitetea, akaonyesha ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na vibao viwili vimepakana. Kimoja cha gesti, kimeandikwa Rusahunga. Kimoja cha duka la vipuri, kimeandikwa Lusahunga. "Si vyote sawa tu?"

"Vyote sawa," Domisiana akasema. "Ulihamia hapa lini?"

"Jumatatu. Tumebadilishana na Kwandu."

Akapiga simu Rusumo, akaweka sauti ya nje ili Audax na daktari wasikie wote. Kwandu akapokea kwa mlio wa kwanza. Domisiana akamwomba afungue ujumbe alioutuma ofisini Jumanne jioni, asome kama ulivyo, asiruke kitu.

"L," Kwandu akasoma. "Thelathini na moja. Saa nane na dakika kumi mpaka saa nane na dakika hamsini. Yuniti thelathini."

"L ni ya nini, dada Kwandu?"

Kwandu akajibu kama mtu anayeshangaa kuulizwa swali la darasa la kwanza.

"L ya Lusumo, afande. Si ndipo nilipo?"

Daktari wa mifugo aliacha kutafuna. Audax akaiangalia karatasi yake, akaiangalia simu, akakaa kwenye kiti cha plastiki polepole.

Miaka miwili mizima Kwandu alikaa Lusahunga akatuma L, ikawa sawa. Miaka miwili Audax alikaa Rusumo akatuma R, ikawa sawa. Hakuna aliyejua kwamba usahihi wao ulikuwa bahati. Jumatatu wakabadilishana viti, kila mmoja akaandika kama anavyotamka, na Josefina huko Ngara akapokea L kutoka simu iliyozoea kutuma L na R kutoka simu iliyozoea kutuma R. Daftari halikuwa na mfuto, na halikuwa na ukweli. Likamhamisha Kazimili, usingizini, kilomita tisini hivi hadi mpakani. Likamhamisha Ferdinand kutoka pale alipokuwa amesimama peke yake, saa nane na dakika hamsini, pikapu imejaa, mkono kwenye waya.

Alijaza kwanza, ndipo akakata.

Domisiana akapiga picha karatasi ya Audax, vibao viwili, kioo cha mashine. Akamwomba Kwandu asifute chochote na asimpe mtu simu hiyo, hata mume wake. Kisha akampigia Inspekta Fabiani, akaeleza tangu mwanzo bila kupumua: muda, yuniti, bei, herufi. Alipomaliza alisikia kalamu ya Inspekta ikigonga meza.

Fabiani akamtaka arudie sehemu ya herufi. Akarudia. Fabiani akasema ujumbe wote wa simu uwe umenakiliwa na kusainiwa leo hii, Kazimili atolewe bila kusubiri asubuhi, na kuhusu huyo thelathini na moja asiguswe mpaka yeye mwenyewe afike, kwa sababu anataka kumwona usoni akisikia neno Lusumo.

Halafu, badala ya kukata, akauliza, "Konstebo, hilo sikio umelipata wapi?"

"Bukiriro, afande," Domisiana akasema, na hakuwahi kulitamka jina la kwao kwa kifua kipana namna ile.

Njiani wakapitia Rusumo kuchukua ujumbe wa Kwandu, ambaye alisaini herufi kubwa kubwa, mgongo wima. Wakafika Ngara saa moja ikiingia, taa za duka la pembejeo zimeshawaka. Josefina alikuwa amekwishaletwa na daftari lake. Alikuwa ameketi kwenye meza ya zamu, amelifungua ukurasa wa Jumanne, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alikuwa anapiga mstari mwekundu juu ya maandishi yake, kwa rula, ili hata kosa liwe limenyooka.

Nje, Mzee William alikuwa bado kwenye benchi. Alimwona Domisiana anavyoshuka garini, akaanza kusimama kabla hajaambiwa kitu.

Simu ikaita, mama.

Alikuwa amesikia kwa mtu aliyesikia kwa mchoma mahindi. Alitaka kujua kama ni kweli kesi imevunjwa na kurara, na huyo mwizi ni nani, ana mke, ni wa ukoo gani, na shaba ameificha wapi. Domisiana alikuwa ameshapewa funguo. Zilikuwa baridi, nzito, na moja ndiyo ya mlango wa mahabusu. Ferdinand alikuwa bado mtaani, na waya haujaonekana.

"Mama, mengine yote nitakuhadithia kesho, na hutayaamini," akasema, huku akimpisha Mzee William atangulie. "Sasa hivi kuna mtu nyuma ya mlango, na baba yake yuko hapa."